Mabaraza ya Ndoa Yatimize Wajibu

Ndoa ikifungwa, mtaa mzima hushuhudia. Ngoma hupigwa, pilau hupikwa, mshenga hushukuriwa, na wazee wa pande mbili hupeana mikono. Lakini ndoa ikivunjika, mashahidi wale hutawanyika, na wawili waliosindikizwa kwa vigelegele hubaki peke yao barabarani, kila mmoja na bahasha yake ya karatasi, wakiuliza ilipo ofisi ya kata. Leo twataka kusema juu ya safari hiyo ya pili, maana waisafirio ni wengi, na aghalabu ni wafanyakazi na wakulima wasiojua mwanzo wake wala mwisho wake.

Hatusemi haya kwa sababu twaipenda talaka. Wengi wetu tulilelewa katika shule za misheni, na huko tulifundishwa kwamba kifungo cha ndoa hakifunguliwi na binadamu. Ndugu zetu Waislamu nao wamefundishwa kwamba talaka, ijapokuwa ni halali, ni halali yenye kuchukiza. Wala wazee wetu wa mila hawakuiacha nyumba ibomoke hivi hivi. Walikaa chini ya mti mchana kutwa, wakawasikiliza mke na mume, wakamtoza mkosaji, ndipo wakawarudisha nyumbani. Basi katika jambo hili hatuna ugomvi na dini yoyote wala na mila. Ugomvi wetu ni na uzembe.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Kabla ya mwaka 1971 kila kundi la watu lilikuwa na njia yake ya kuoana na kuachana. Mkristo alikuwa na sheria yake, Mwislamu yake, Mhindu yake, na aliyeoa kimila alihukumiwa kimila. Mwaka 1963 Serikali ilitangaza rasmi sheria za mila ambazo Bwana Hans Cory alishughulika kuzikusanya, na humo talaka ilifungamana sana na mahari: nani mwenye kosa, watoto wangapi wamezaliwa, na kiasi gani kirudishwe. Mara nyingi mwanamke alipotaka kuondoka, swali lililotangulia halikuwa ameumia kiasi gani, bali kama baba yake anao ng'ombe wa kurudisha.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya kuwa na sheria moja ya ndoa, ili wananchi wajadili. Wakajadili, tena kwa ukali. Hatimaye Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo, yaani Sikukuu ya Wafanyakazi. Sheria hiyo, ingawa imerekebishwa hapa na pale, ndiyo ituongozayo hata leo huku Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wanayo njia yao na Mahakama zao za Kadhi.

Katika habari ya kuachana sheria hiyo iliweka mambo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba ndoa haifi kwa maneno ya mdomo, wala kwa barua, wala kwa mume kuhamia mtaa mwingine na kuanza maisha mapya. Wenye ndoa wakiwa hai, ni mahakama ndiyo itoayo amri ya kuivunja, iwe Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. La pili ni kwamba mahakama yenyewe haipokei ombi la talaka mpaka wenye ndoa wawe wamefika kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza liwe limethibitisha kwa hati kwamba limejaribu kuwapatanisha na limeshindwa.

Hilo la pili ndilo tutakalolishika leo. Sheria yataka kila kata iwe na Baraza. Aidha, jumuiya ya watu, kama vile jumuiya ya dini, yaweza kuwa na Baraza lake lililotambuliwa na Serikali. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wengine wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Shauri hupelekwa katika kata anayokaa mume. Na kama mume hakai Tanzania, basi katika kata anayokaa mke. Au katika Baraza la jumuiya yao, ikiwa wote wawili ni wa jumuiya hiyo. Tena wakili haruhusiwi kumsemea mtu pale. Mwenye jambo hulisema mwenyewe, au husemewa na mtu wa ukoo wake.

Twaona kuwa waliotunga sheria hii walikuwa na busara. Walijua kuwa ugomvi mwingi wa nyumbani si wa kupelekwa kwa hakimu. Ni ugomvi wa mshahara ulioishia kilabuni, wa mawifi na mashemeji, wa ada ya shule, wa mume aliyehamishwa kikazi akasahau kuleta matumizi. Mambo kama haya watu wazima wakikaa nayo saa mbili, yaweza kwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Baraza liliwekwa kuwa fundi wa kuziba ufa. Mahakamani kila mmoja huja kushinda, lakini barazani mtu aweza kukiri kosa lake bila kushindwa.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba Mabaraza haya yafutwe na watu waende moja kwa moja kwa hakimu. Lakini yatupasa kukiri kwamba watu hao hawasemi bure. Wamechoshwa na mambo wayaonayo, nasi twayaona. Hapa ofisini kwetu huja watu, wake kwa waume, wakiwa na makaratasi yao yaliyochakaa mikunjoni, na habari zao hufanana kana kwamba ni mtu mmoja aliyezisimulia. Tumeyapanga makosa hayo matatu, ili kila mwenye kiti cha Baraza ajipime nayo.

Kosa la kwanza ni la Baraza kujifanya mahakama. Kuna wajumbe ambao, wakishakaa mezani, hutangaza kuwa ndoa imevunjika, huigawa nyumba vyumba viwili huku na viwili huku, hutoza faini, na kuwagawa watoto kama kuku wa mahari. Hawana mamlaka hayo. Baraza likishindwa kupatanisha, kazi yake ni kuandika katika hati yale liliyoyaona. Na likipenda, laweza kuambatanisha mapendekezo yake juu ya matunzo, mali na watoto. Mapendekezo ni mapendekezo. Mwenye kuamua ni mahakama. Mke anayefukuzwa nyumbani kwa sababu “Baraza limeshaamua” amedanganywa, na wajumbe waliomdanganya wamevuka mpaka wa sheria.

Kosa la pili ni la kuzuia hati. Kuna wenyeviti wanaodhani kwamba kila hati itokayo ni aibu kwao, na kwamba mwenyekiti hodari ni yule asiyetoa hata moja. Basi huwaambia watu, njoo wiki ijayo, njoo mwezi ujao, nenda ukavumilie. Mara nyingi aambiwaye kuvumilia ni mwanamke, naye huambiwa hivyo hali uso wake umevimba. Twasema wazi: kupatanisha si kurudisha mtu mahali anapopigwa. Sheria hii hii ya mwaka 1971 imetamka kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, licha ya mila isemavyo. Mtu aliyejeruhiwa ana haki ya kwenda polisi, ambako siku hizi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na kwenda hospitali. Wala hapaswi kungoja kikao cha Baraza ndipo alindwe. Baraza linalomrudisha majeruhi kwa aliyemjeruhi bila ulinzi wowote halijasuluhisha neno, limeahirisha msiba.

Kosa la tatu ni la uandishi, nalo huonekana dogo, lakini laangusha watu wengi kuliko yale mawili. Kanuni zimeweka fomu maalumu ya hati. Nayo hati si barua ya kumpeleka mtu kwa hakimu kwa salamu. Ni uthibitisho kwamba pande zote ziliitwa, zikasikilizwa, usuluhishi ukajaribiwa, ukashindikana. Lakini kuna hati zinazoandikwa kwenye karatasi ya daftari, zisizosema lo lote juu ya usuluhishi. Nyingine hutolewa na ofisi isiyo Baraza. Nyingine hutolewa siku ile ile mlalamikaji alipofika, kabla mwenzake hajaitwa. Aliyeipokea huenda nayo mahakamani kwa furaha. Shauri husikilizwa, hukumu hutoka, rufaa hukatwa, na huko juu majaji wakiifungua hati huona kuwa haikuwa hati. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mashauri yaliyochukua miaka kwa sababu hiyo, na wenye ndoa wakarudishwa walikoanzia. Fikirini, ndugu zetu, mama aliyeuza mbuzi wake kwa ajili ya nauli za kesi, akaambiwa baada ya miaka yote hiyo kwamba yeye bado ni mke wa mtu, kwa kosa la kalamu ya mtu mwingine.

Tena hati ina umri wake. Ombi la talaka lipelekwe mahakamani kabla hati haijapita miezi sita tangu ilipotolewa. Wengi hawaambiwi neno hili. Huiweka hati sandukuni wakingoja mavuno au malipo ya likizo, na siku wafikapo mahakamani, muda umekwisha, Baraza lianze upya. Je, ni kazi ngumu kwa mwenyekiti kulitamka jambo hilo moja wakati anapokabidhi karatasi?

Lakini haki haitimii kwa kuwalaumu wajumbe peke yao. Kuna waume, na wake pia, wanaodhani kwamba wakikataa kwenda barazani basi wamefunga njia. Wameitwa mara ya kwanza, wakadai wako kazini. Mara ya pili, wakadai wako msibani. Na wajue kwamba sheria haikuwaachia nafasi hiyo. Asiyefika barazani kwa makusudi hamzuii mwenzake kwenda mahakamani. Kadhalika, aliyetelekezwa na hajui aliko mwenzake hatakiwi kumtafuta duniani kote ndipo aende barazani. Hali ni hiyo hiyo ikiwa mwenzake yuko nje ya nchi na haelekei kurudi katika miezi sita ijayo, au amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka mitano, au ana ugonjwa wa akili usioponyeka, au kama mahakama yenyewe imeridhika kuwa yapo mambo yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane.

Na wale wanaoikimbilia talaka kama wakimbiliavyo basi la mwisho, nao tuna neno nao. Ndoa isiyotimiza miaka miwili haipelekwi mahakamani kuvunjwa bila idhini ya mahakama, nayo idhini hutolewa kwa mwenye kuonyesha kwamba anapata taabu isiyo ya kawaida. Tena mtu hawezi kuiharibu nyumba kwa mikono yake, kisha akaja na uharibifu wake mwenyewe kuwa ndiyo sababu pekee ya kudai talaka. Isipokuwa kuna sababu maalumu, mahakama itamkatalia. Hakimu ana swali moja: je, ndoa hii imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Katika kulijibu hutazama mambo mengi, kama ugoni, ukatili wa mwili au wa moyo, kutotunza kwa makusudi, na kutengana au kutelekezana kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kwa Waislamu, Baraza likishatoa hati ya kushindwa, na baada ya hapo mmojawapo akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, kama vile kutoa talaka, mahakama hulipokea jambo hilo na kutoa amri yake. Angalieni mpango huo: hati kwanza, talaka baadaye, amri ya mahakama mwisho. Anayeanza na talaka ameanzia mkiani.

Sasa tuje kwenye jambo linalowagusa sana wafanyakazi wenzetu, nalo ni mali. Yuko mfanyakazi wa kiwanda asemaye: nyumba ni yangu, kiwanja kina jina langu, saruji nilinunua kwa mshahara wangu, na huyu mwanamke alikuwa akikaa tu. Ndugu yetu huyo amekosea. Yeye alipokuwa zamu ya usiku, nani alilala na watoto? Alipolipwa tarehe thelathini na fedha ikaisha tarehe kumi, nani alikaanga maandazi alfajiri ili watu wale? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu wakati huo akiwa Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya wanandoa. Uamuzi huo ungali nguzo hata sasa. Sheria huiagiza mahakama itazame mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo, na baada ya hayo ielekee kwenye usawa.

Lakini tusiwadanganye akina mama pia. Kuelekea kwenye usawa si kusema kwamba kila kitu hukatwa katikati. Mali inayogawanywa ni ile iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, pamoja na ile aliyokuja nayo mmoja wao ikaendelezwa sana kwa juhudi za mwenzake au za wote wawili. Mchango huthibitishwa. Basi risiti ya mabati itunzwe, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa litunzwe, na cheti cha ndoa kisiachwe kwa upande mmoja tu. Na wote wajue kwamba nyumba wanayokaa mke na mume haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ingali hai. Mwenye hofu aweza kuweka zuio.

Na watoto? Wagombanapo tembo, nyasi huumia. Sheria yasema kwamba faida ya mtoto ndiyo itanguliayo yote. Mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa afaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Na mwenye umri wa kutoa maoni, maoni yake husikilizwa. Baba asiyekaa na mtoto hakuacha kuwa baba. Matunzo si hisani anayompa mke aliyeachwa, ni deni lake kwa mtoto wake. Tumewaona mabingwa wa kusema katika mikutano ya hadhara ambao hawajapeleka hata daftari moja kwa watoto wao. Watu wa namna hiyo wasituhubirie habari za kujenga nchi.

Basi twataka nini? Twazitaka halmashauri zetu ziwape wajumbe wa Mabaraza mafunzo na fomu halali, na nakala ya sheria iliyoandikwa kwa lugha waielewayo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi hapana udhuru wa kumwambia mjumbe wa kata kwamba wajibu wake umeandikwa kwa lugha ya wakubwa. Twataka kila Baraza liwe na daftari la mashauri na siku yake ya kukaa inayojulikana. Twataka wanawake waketi humo kwa idadi ya maana, wasiwe wa kuhesabiwa kwenye picha. Na waajiri, wa Serikali na wa watu binafsi, wamruhusu mfanyakazi kuitika wito wa Baraza kama wamruhusuvyo kuitika wito wa mahakama.

Kwa wanachama wenzetu waliomo katika Mabaraza, tuna neno la ndani. Mwananchi afikapo mbele yako hakuulizi kadi yako wala hupaswi kumwuliza yake. Usimsikilize mume kwa sababu mlicheza bao pamoja jana, wala mke kwa sababu ni binti wa jirani yako. Ukiona jambo lakuhusu, ondoka kitini. Wala usipokee kitu. Maana yule anayekupa elfu kumi kwa ajili ya hati, ameitoa katika sufuria ya watoto.

Mwenyekiti aliyewarudisha mke na mume nyumbani kwa amani ya kweli amefanya kazi kubwa, nasi twampongeza. Lakini mwenyekiti aliyejaribu kwa moyo wote, akaona kwamba pale pamekwisha, akaandika hati safi kwa wakati, akawaeleza wote wawili njia iliyobaki, huyo naye ametimiza wajibu, tena hana deni. Wenye ndoa hawakuja kwake kutafuta adhabu. Walikuja kama watu walivyokwenda zamani kwa wazee chini ya mti, wakitumaini kusikilizwa. Tusiwavunje moyo mara ya pili.